Mwani Ulioitika

Namtaja kwanza Yule aliyeitia bahari chumvi kwa kiasi anachokijua Yeye, akaipa kila pwani zamu yake ya kujaa na ya kupwa. Kisha nautaja udhaifu wangu, kwa kuwa sura hii ni ya udhaifu huo. Atakayeisoma asitafute humu jina la mji. Mji wenyewe haujijui jina. Nyumba zake hubadilishana milango mchana wa jua kali, na wakati ndani yake haufuati mshale wa saa, hufuata kina cha maji: yakipungua upana wa kidole, wiki imepita, yakijazwa, wiki imerudi. Katika nyumba mojawapo ya mji huo nilikuwapo mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa miaka sabini na miwili, au kumi na miwili, ilitegemea kioo kilichonitazama asubuhi hiyo. Na katika ukumbi wa nyumba hiyo kulikuwa na bahari.

Sisemi mfano wa bahari. Nasema bahari. Urefu wake mtu aliyelala, upana wake dhiraa moja, kuta zake vioo vinne, na pampu yake ikivuma chini kwa chini kama mtu asomaye uradi moyoni. Ndani yake mlikuwa na mawe na mchanga, samaki wanne wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe, konokono kadhaa waliotembea juu ya vioo wasifike popote, na katikati, juu ya jiwe la peke yake, tumbawe moja. Lilikuwa kubwa mithili ya viganja viwili vilivyofunguliwa kwa dua, rangi yake zambarau iliyokolea, na pembeni mwake kijani kama cha moto wa shaba. Tumbawe si jiwe, ingawa lina mfupa wa jiwe. Ni umati wa viumbe wadogo, kila mmoja ana kinywa, wanaoishi katika ngozi moja juu ya mfupa walioujenga wenyewe. Mke wangu Zuwena alipewa na watu wanaootesha matumbawe ya kurudisha baharini, na alilikuza miaka saba. Mungu hakutujaalia mtoto. Sisemi kwamba lile lilikuwa badala yake, maana Zuwena hakulisema hilo, nami sina haki ya kumsemea. Nasema tu kwamba kila asubuhi alilisabahi kabla hajanisabahi mimi, nami sikuona wivu.

Kisha akajaaliwa safari ya Hija, siku arobaini. Siku ya kuondoka, begi likiwa mlangoni na watu wakisoma dua barazani, alinivuta ukumbini akanitia karatasi mkononi.

“Bwana, samaki nusu kijiko cha chai, asubuhi. Maji yakipungua, utajazia ya mvua, yamo ndani ya pipa la uani, nimeshayachuja. Na lile la katikati nakuachia amana.”

“Na nisipojua la kufanya?”

“Usifanye.”

Akaondoka. Na nyumba ikabaki na pampu.

Sasa hapa ndipo niliposhikwa na elimu yangu. Karatasi ile ilikuwa na mistari miwili tu, nami niliisoma kama nilivyozoea kusoma maandishi yenye sherehe pembeni. Ilisema: *asubuhi*. Haikusema: *asubuhi tu*. Tumefundishwa tangu tukiwa na vibao mapajani kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka lije katazo. Na mchana haukukatazwa, alasiri haikukatazwa, magharibi na isha hazikutajwa kwa wema wala kwa ubaya. Tena ni ada yetu, mtu wa nyumba akiwa yuko Hija, nyumba yake itoe sadaka kila siku mpaka arejee, ili njia imnyookee na afya imtulie. Wengine huweka mkate mlangoni. Mimi nikajiuliza, ni maskini gani walio karibu na moyo wa Zuwena kuliko hawa wanne wa rangi ya chungwa? Basi nikawa, kila nitokapo msikitini, nachukua chakula chao kwa ncha za vidole na kukinyunyiza juu ya maji kwa nia ya msafiri wangu. Mara tano kwa siku. Na Ijumaa nikazidisha.

Tena maji ya pipa sikuyapenda. Maji yaliyolala, yenye harufu ya bati, yasiyo na historia. Msikitini kwetu kuna kisima ambacho babu wa mababu zetu walitawadhia. Maji yake ni baridi, matamu, na hakuna aliyeyatia shaka tangu ulimwengu wa mji huu uwe. Nikawa nachota ndoo moja kila siku, naibeba kwa mkono wa kulia, naijazia bahari ya mke wangu kwa maji yaliyo tohara na yenye kutoharisha. Nilijiona mtu mkubwa. Nilijiona, nasema kwa aibu, kama liwali mwema anayetembea katika jimbo lake, na kila apitapo watu wanashiba.

Kikaja kijani.

Hakikuja kama adui ajavyo. Kilikuja kama pumzi juu ya kioo, weupe ulioanza kufikiri kuwa rangi. Siku ya kumi kilikuwa vumbi. Siku ya kumi na tano kilikuwa mahameli juu ya mawe, laini, kizuri, na namwomba radhi msomaji kwa kusema kizuri, lakini kilikuwa kizuri. Nilikaa mbele yake nikamsifu Muumba kwa ustadi wa uzi ule. Siku ya ishirini kilikuwa nywele. Nyuzi ndefu za kijani zilisimama juu ya kila jiwe na kulala pamoja upande mmoja pampu ilipovuma, na kuinuka pamoja ilipopumua. Asubuhi moja niliinama nijitazame katika kioo nikaona ndevu zangu zimekuwa kijani na zinatembea. Nikazishika kwa mkono. Mkono ulishika ndevu nyeupe, kavu, zilizotulia. Ndani ya kioo ziliendelea kutembea. Tangu siku hiyo sikuwa na yakini ni yupi kati yetu aliyekuwa nje.

Nilikikwangua kile kijani. Kilirudi. Nilikikwangua kwa ukali, kikarudi kwa upole, nao upole ndio ulionitisha. Nikasimama nikakisemesha kwa lugha ninayosemea mambo mazito:

*Ewe mwani wa kijani,*
*nani kakupa idhini,*
*kuingia nyumba ndani*
*mwenyewe hajarejea?*

Hakikujibu siku hiyo.

Siku ya ishirini na tisa alikuja Bi Mkasi, binti ami yake Zuwena, mkulima wa mwani katika pwani ya upande wa pili. Ni mwanamke wa maneno mengi na mikono migumu, na kwa kuwa mimi nimeoa kwao, utani wake kwangu hauna mpaka.

“Hodi wenyewe!”

“Karibu, Bi Mkasi, karibu ndani.”

Akaingia, pindo la kanga yake bado lina mchanga wa pwani, akaiona bahari, akaliweka chini kapu lake polepole.

“Lo! Shemegi, kumbe nawe umeingia kilimo na hukutwambia!”

“Usinitanie leo. Nimefikwa.”

“Umefikwa na nini? Wenzio tunapiga vigingi, tunafunga kamba, tunainama toka maji yakipwa mpaka yakijaa, migongo imekuwa ndoana, na hatuvuni nusu ya hivi. Wewe umekaa kitini na tasbihi yako, mwani umekujia wenyewe kwa miguu. Hebu nipe siri nikawape wanawake wenzangu.”

“Mwani huu ni balaa.”

“Shika ulimi wako. Mwani ndio uliosomesha wanangu.”

“Si huu.”

“Huu ni mdogo wake. Hauna bei, lakini tumbo lao moja.” Akainama, akachovya kidole, akanusa. “Hawa samaki Zuwena alikwambia uwape mara ngapi?”

“Asubuhi.”

“Na wewe unawapa lini?”

Nikakohoa. “Baada ya kila swala. Kwa nia ya sadaka.”

Bi Mkasi akakaa kitako juu ya mkeka. Alicheka mpaka ukaya wa kichwani ukamdondoka begani. “Mara tano! Na za sunna je, shemegi? Duha hukuwapa?”

“Ijumaa niliwazidishia,” nikasema, maana nilishaona kuficha ni kosa la pili.

“Ya Rabi! Hawa wamehitimu! Wafungulie chuo!” Akajifuta machozi. “Na maji ya kujazia unachota wapi? Kwenye pipa lake?”

“Kisima cha msikiti.”

Akaacha kucheka.

“Kile chenye migomba?”

“Ni maji tohara, Bi Mkasi. Hayakugeuka rangi wala ladha wala harufu.”

“Sijasema si tohara. Nakuuliza, ile migomba mnaitia mbolea?”

“Hatujapata kuitia hata siku moja.”

“Na mkungu wake mmoja unabebwa na watu wangapi?”

“Wawili.”

“Basi jiulize inakula nini.”

Nikajiuliza. Nikaliona shimo la choo cha chuo nyuma ya ukuta, hatua ishirini kutoka kisimani. Nikayaona majani yanayooza, njiwa wa darini, mvua inayoshuka katika udongo mweusi na kubeba kila kitu bila kuonesha kitu. Nilikuwa nimekibeba chote hicho kwa mkono wa kulia. Yaliyo tohara kwa miguu yangu hayakuwa matupu kwa vinywa vya tumbawe, na katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya maji, milango yake na hukumu zake, hapakuwa na mlango wa kuniambia hivyo, kwa sababu vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya anayeswali, na tumbawe husabihi kwa njia nyingine.

“Sikiliza, shemegi,” akasema Bi Mkasi, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliye kazini. “Sisi mwani tunaupanda karibu na kinywa cha mto, au kwenye ghuba, pale maji yana kitu. Matumbawe hayako huko. Matumbawe yako nje, kwenye maji matupu. Unatazama chini pima sita unaona mchanga punje kwa punje. Unajua kwa nini unaona? Kwa sababu hamna kitu cha kuzuia jicho. Hamna chakula. Njaa tupu. Na hapo ndipo Mungu alipoyaweka yale marangi yote.”

Nasimama hapa. Mwandishi mwenye adabu angeendelea na habari, lakini mimi siwezi kuivuka sentensi ile ya mkulima bila kuvua viatu. *Njaa tupu, na hapo ndipo alipoyaweka yale marangi yote.* Nimeishi miaka sabini na miwili nikiamini kwamba uzuri ni mtoto wa wingi. Kwamba bustani inayong'aa imenyweshwa, na mji uliostawi umelishwa. Kumbe mji mkubwa kuliko yote uliojengwa na viumbe, ule wenye kuta zinazovunja mawimbi na vyumba vya samaki wasiohesabika, umesimama juu ya karibu si kitu. Wakazi wake hupokezana chembe moja ya riziki kutoka kinywa hadi kinywa kama watu wapitishavyo kikombe kimoja safuni, na hakuna tone linaloanguka. Uwazi wa maji yale ni ufakiri wao. Ukiwatajirisha, unawafunika. Ni mtawala gani aliyewahi kuambiwa hivyo akasadiki? Wote tunataka kutoa. Tunatoa, tunatoa, na katika kila tunachotoa huota kitu chenye shukrani nyingi na nywele ndefu, kinachoinama tunapopita, nasi tunasema: tazama jinsi jimbo langu lilivyositawi.

“Zuwena anarudi lini?” akauliza Bi Mkasi.

“Siku kumi na moja.”

“Lile lake liko wapi?”

Nikanyoosha kidole kwenye nywele za katikati. Akakunja mkono wa nguo, akauzamisha mpaka kwapani, akang'oa konzi, akang'oa ya pili, na nyuzi zikaachia jiwe kwa sauti ambayo labda niliisikia mimi peke yangu. Tumbawe likaonekana. Zambarau haikuwapo. Palikuwa na mfupa mweupe, msafi, wenye mistari kama ya kipande cha chaki, na ukungu wa kijani ukiwa umeshaanza kuuvaa. Ubavuni tu, upande uliotazama ukuta, ulibaki ukingo mwembamba wa rangi.

Bi Mkasi hakunisuta. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo.

“Amana,” nikasema.

“Najua.”

“Nifanye nini?”

“Uache. Kwanza uache. Dua omba, lakini mkono weka mfukoni.” Kisha akaniagiza kwa ufupi, kama mtu anayefunga kamba: taa ya bahari izimwe na tangi lote lifunikwe siku tatu, kwa kuwa nyuzi zile hazina akiba ya kuvumilia giza. Tumbawe lina akiba kidogo, na kama bado lina roho litangoja. Samaki wafunge siku tatu hizo, hawatakufa. Kisha nusu kijiko, asubuhi. Maji ya pipa. Na ubavuni mwa tangi tuweke ndoo pana yenye taa yake, maji yaingie kwa mpira na kutoka kwa mpira, na ndani yake yeye atatia konzi ya mwani wake wa shamba.

“Mwani juu ya mwani?” nikauliza.

“Chakula ulichokwisha kumwaga hakirudi kwenye kopo, shemegi. Lazima kiliwe na mtu. Bora kiliwe na anayekaa mahali pake.”

Tulifunika kwa blanketi. Na nyumba, iliyokuwa imebaki na pampu, ikabaki na pampu isiyoonekana.

Siku ya pili ya giza, baada ya alasiri, nilikaa mbele ya lile blanketi kama mtu anayekaa mbele ya jeneza lililofunikwa, nikainua pembe moja nitazame. Sikutazama. Niliingia. Sijui kulieleza vingine. Kioo kilikuwa mlango, nami nilikuwa mdogo kuliko konokono, nimesimama katika kiunga kisicho na mwisho, miti yake nyuzi, na kila uzi mrefu kunizidi mara mia. Hapakuwa na juu. Mwanga ulikuwa wa aina ile inayobaki ndani ya kope mtu afumbapo macho. Pampu ikavuma, na kiunga chote, safu baada ya safu, kikainama, ikapumua, kikainuka, na hapakuwa na uzi uliotangulia mwenzake wala uliochelewa. Nimesimama mbele ya safu za watu miaka hamsini. Sijapata kuona safu zilizonyooka hivyo.

Nikaita, kwa hofu tu, kama mtu aitavyo katika nyumba asiyoijua.

Na kiunga kikajibu: “Labeka.”

Neno hilo nalijua liko wapi saa ile. Saa ile ile Zuwena, katika umati wa mavazi meupe, alikuwa akimwitikia kwa neno hilo Mwenye kustahiki kuitikiwa. Nilimwona, wakati katika mji wetu huruhusu. Nilimwona mdogo katika watu wengi kama uzi katika nyuzi, na kinywa chake kikitikisika. Na huku nyuzi zangu zikiniambia mimi neno lile lile.

“Sisi si wa kuitikiana hivyo,” nikalia. “Mimi ni mtu. Ni mja. Nani amekwambieni mje?”

Wakanijibu kwa bahari ile ile ya ushairi niliyowaulizia, kwa mizani ile ile, na sauti yao haikuwa ya kejeli:

*Idhini yako mkono*
*ulotupa bila neno,*
*mara tano kwa mfano*
*wa wito, tukasikia.*

“Niliwaita samaki!”

“Samaki walikula walichoweza. Uliendelea kuita.”

“Ilikuwa sadaka.”

“Ilikuwa njema. Tuliila.”

“Mmemuua wa mke wangu.”

“Hatumjui. Kulikuwa na mahali, na kulikuwa na mwanga, na kulikuwa na mkono. Tulikuja. Usiite, hatutakuja.”

Nikatafuta ndani yangu hasira ya kuwapiga nayo, na badala ya hasira nikaona kitu nilichokuwa nimekikalia. Nikaiona nyumba bila Zuwena. Nikamwona mzee akitoka msikitini mara tano kwa siku, akifungua mlango kwa salamu, na salamu isirudi. Akiuendea uso wa maji, akinyunyiza, na hapo maji yakitikisika, vinywa vinne vikija mbio, kitu fulani duniani kikionesha kwamba yeye yuko. Sikuwa naitoa sadaka. Nilikuwa nataka kuitikiwa. Nimewaza juu ya wafalme maisha yangu yote, kwa nini hawawezi kuacha, kwa nini hata mwema wao hawezi kukaa siku moja bila kufungua ghala mbele ya umati. Nikadhani ni kiburi. Labda kwa baadhi yao ni nyumba tupu tu. Na Yule asiyehitaji kuitikiwa ndiye peke yake awezaye kutoa kwa kipimo. Huizuia mvua naye ni mkarimu, huliacha tumbawe na njaa yake naye hajalisahau. Ukuu huo ulinikalia kifuani kwa uzito wa maji yote ya dunia, na cha ajabu, haukuniumiza. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, kibao mapajani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeelewa herufi moja.

Pembe ya blanketi ikanidondoka mkononi. Nilikuwa mkekani. Vidole vyangu vilikuwa vimelowa, sijui kwa maji gani.

Siku ya nne tulifunua. Nyuzi zilikuwa zimepauka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, zikikatika kwa kuguswa. Bi Mkasi alizing'oa kwa mkono, mimi nikasugua mawe kwa mswaki, nikakinga kila kilichotoka kisizame tena. Kilichosalia kilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya, nayo ilikuwa kutofanya. Nusu kijiko, asubuhi. Adhuhuri nikirudi, wale wanne hukaa kwenye kioo wakinitazama, vinywa vinafungua, vinafunga. Nami hupita, na mkono wangu huuma kama mkono wa mtu aliyenyimwa. Siku ya saba walikwisha acha kunitazama. Wakarudi katika mambo yao baina ya mawe, wakichokoa hiki na kile, na nikaona kwamba walikuwa na mambo yao. Ndani ya ndoo mwani wa Bi Mkasi ulinenepa mpaka ukagusa taa. Maji yakawa hayana kitu. Nilisimama upande huu wa tangi nikasoma saa ya ukutani upande wa pili, kupitia bahari nzima.

Lakini mfupa ulibaki mfupa. Kila asubuhi nililitazama tumbawe, na kila asubuhi ule ukingo wa rangi ulikuwa umerudi nyuma kidogo.

Zuwena alirejea asubuhi, na watu wakamlaki kwa kaswida mlangoni, wanawake wakamkumbatia wakilia, akagawa tende na vikombe vidogo vya zamzamu. Alikuwa amekonda, uso umepata wangavu wa watu waliorudi kutoka mbali. Nilingoja amalize kusalimia. Kisha nikamtangulia ukumbini nikasimama baina yake na kioo.

“Zuwena, kabla hujatazama. Uliniachia amana, nimeiharibu. Niliwalisha mara tano kwa siku, nikajazia maji ya kisima. Hukunikataza, na mimi nikajifanya sikuelewa. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.”

Zuwena akaweka chini kikombe cha zamzamu.

“Mara tano?”

“Na Ijumaa alizidisha!” akasema Bi Mkasi kutoka nyuma, na wanawake wawili watatu wakacheka, wakajiziba midomo kwa kanga.

Zuwena akanisogeza kwa mgongo wa mkono, bila ukali. Akavaa miwani. Alikaa mbele ya kioo muda mrefu mpaka wageni wakaanza kuaga kwa kunong'ona. Niliutazama uso wake katika kioo, juu ya ule mfupa, na sikuweza kuusoma, mimi niliyesoma kila kitu.

“Nipeni koleo,” akasema. “Na bakuli.”

Akavua bangili, akachota maji ya bahari yake ndani ya bakuli, akalitoa lile la miaka saba kwa mikono miwili, akaliweka humo. Kisha akalikaza koleo ubavuni na kubana. Mfupa ulikatika kwa mlio mkavu. Mtu nyuma yetu akasema lahaula. Akabana tena, akapunguza, akapunguza tena, na vipande vyeupe vikaanguka mkekani mpaka kati ya vidole vyake ikabaki chembe, haizidi punje ya dengu, zambarau.

“Miaka saba, Zuwena,” nikasema.

“Miaka saba ni hiyo hapo chini.” Hakuitazama. “Lenyewe ni hili. Nililetewa likiwa dogo kuliko hivi, ndani ya kifuniko cha chupa. Nilidhani limekufa.”

“Ukalifanya nini?”

“Sikulifanya kitu. Lilijifanya lenyewe. Mimi nilikuwapo.”

Akatia tone la gundi juu ya kijiwe, akaikalisha ile chembe juu yake, akanipa. Mimi. Mkono wake ulikuwa umeshatoka kwangu kabla sijakataa.

“Litie ndani ulishike mpaka gundi ishike.”

“Bi Mkasi ana mikono mizuri zaidi.”

“Najua.”

Nikakunja kanzu mpaka begani, nikauingiza mkono. Maji yalikuwa baridi na hayakuwa na chochote ndani yake, na ndani yake nilikiona kidole changu wazi kuliko nilivyokiona hewani: makunyanzi, kucha, kovu la kalamu ya mwanzi. Muda ulipita. Ulikuwa wa siku ngapi, sijui, maji hayakupungua.

“Usilibane,” akasema Zuwena. “Shika tu.”

Nikashika tu. Baina ya vidole vyangu palikuwa na uhai mdogo kuliko nukta ya herufi, usioniita wala kuniitika, na mkono wangu wote, toka begani hadi kuchani, ulijaa hofu ya kuaminiwa.